Chuma Kabla ya Almasi: Kuchagua Malighafi katika Minecraft ya Wachezaji Wengi

Malighafi bora katika Minecraft ni ile inayomaliza kazi iliyopo kwa muda mfupi na kwa hatari ndogo. Wanaoingia kwa mara ya kwanza kwenye seva yenye watu wengi huuliza swali moja kila siku: almasi ziko wapi? Jibu lipo, na vimo vyake vimeandikwa hapa chini. Ila anayeanza na swali hilo kwa kawaida hufika kwenye almasi zake za kwanza na sururu iliyobakiza mapigo machache, bila ngao wala ndoo ya maji, kisha huzimwaga zote kwenye lava ya kwanza anayokutana nayo. Linalotangulia ni kujua kazi ya sasa inadai nini, na ni kifaa gani kinachoweza kukichimba.

Dunia ya wengi inatofautiana na ya mchezaji mmoja kwa mambo mawili yanayogusa uchaguzi huu. Kwanza, mchezo hausimami: mchezaji akifungua sanduku lake kupanga vitu, Creeper, kiumbe anayelipuka, aliye nyuma yake anaendelea kutembea. Pili, eneo la karibu na lango la seva, pale wote wanapoanzia, huwa limekwisha kuchimbwa na waliotangulia. Kutembea dakika kumi kabla ya kuanza kuchimba hulipa kuliko kupekua mapango yaliyokwisha kupekuliwa.

Kujua kimo

Madini ya Minecraft hayakutawanywa ovyo. Kila moja lina kimo chake, na kimo husomwa kwenye namba ya Y. Katika toleo la Java namba hiyo huonekana kwa kubonyeza F3. Katika toleo la Bedrock, linalochezwa kwenye simu, mwenye dunia ndiye anayeruhusu namba hizo zionekane. Zikiwa zimefichwa, aombwe.

Tangu toleo la 1.18 lilipotoka Novemba 2021, dunia ya juu huanzia -64 chini hadi 320 juu, na maelezo ya zamani yanayotaja almasi kwenye kimo cha 11 au 12 hayafai tena. Makosa mengi ya wachimbaji wapya hutokana na mafunzo ya miaka ile ambayo bado yanazunguka.

Vimo vyenye wingi mkubwa zaidi ni hivi:

- Makaa ya mawe: 96, na juu zaidi milimani.
- Shaba: 48.
- Chuma: 16 chini ya ardhi, au 232 kwenye milima mirefu sana.
- Lazuli: 0.
- Dhahabu: -16.
- Redstone na almasi: -59.
- Zumaridi: milimani tu, na huongezeka kadiri mtu anavyopanda.

Kuanzia karibu na kimo cha 0 kwenda chini mwamba hubadilika kuwa mweusi na mgumu, na kila pigo huchukua karibu mara mbili ya muda wa jiwe la kawaida. Kwa hiyo kuchimba chuma kwenye -50, kwa matumaini kwamba almasi itajitokeza njiani, ni kupoteza yote mawili. Chuma kichimbwe kwenye kimo chake.

Sururu na inachoweza

Jiwe lenye madini likipigwa kwa sururu dhaifu huvunjika na kutoweka bila kutoa kitu. Hasara hii huumiza zaidi kwa almasi, na bado hutokea kila siku.

- Sururu ya mti huchimba jiwe na makaa ya mawe.
- Sururu ya jiwe huongeza chuma, shaba na lazuli.
- Sururu ya chuma huongeza dhahabu, redstone, zumaridi na almasi.
- Sururu ya almasi huongeza obsidiani na mabaki ya kale ya Nether, dunia ya pili ya mchezo iliyojaa moto na lava.

Uimara nao una namba zake: mti hudumu mapigo 59, jiwe 131, chuma 250, almasi 1,561 na netheraiti, inayotokana na mabaki hayo ya kale, 2,031. Sururu ya jiwe huonekana duni, lakini inagharimu mawe matatu na vijiti viwili, na mawe yako kila mahali. Kuchimba handaki refu la kupitia tu kwa sururu ya chuma ni matumizi mabaya ya chuma. Mchimbaji mzoefu hubeba sururu tatu nne za jiwe kwa ajili ya njia, na moja ya chuma ambayo haiguswi mpaka madini yaonekane.

Seva zilizosasishwa tangu mwishoni mwa 2025 zina vifaa vya shaba pia. Vimekaa kati ya jiwe na chuma, na sururu yake haichimbi chochote kisichochimbwa na ile ya jiwe. Vinafaa pale shaba inapokuwa tele na chuma hakijapatikana.

Miti

Kwa meza ya kutengenezea, sanduku, vijiti na ngao, mbao za mti wowote zinakubalika na zinaweza hata kuchanganywa. Milango na ngazi, kwa mfano, hudai mbao za aina moja. Kwa hiyo mti uchaguliwe kwa urahisi wa kuukata na kuuotesha:

- Mti wenye ganda jeupe hukua umenyooka, na shina lake lote hukatwa bila kupanda.
- Msonobari ukipandwa miche minne katika mraba huwa mti mnene mrefu wenye magogo mengi kuliko mti wa kawaida. Hukatwa kwa kupanda juu ukizunguka kama ngazi, kisha kushuka ukimalizia.
- Mwaloni hutoa tufaha mara chache, jambo la maana kwa anayetaka tufaha la dhahabu, ila matawi yake yakikua makubwa husumbua.
- Miti ya Nether haishiki moto. Inafaa kwa nyumba iliyo karibu na lava, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kabisa kuwa kuni.

Moto wa tanuri

Hapa ndipo malighafi nyingi hupotea kimyakimya. Gogo moja likitiwa tanurini kama lilivyo huyeyusha kitu kimoja na nusu. Likipasuliwa kwanza kuwa mbao nne, huyeyusha vitu sita. Likichomwa kwanza kuwa mkaa, mkaa huo huyeyusha vitu vinane, na hata ukiondoa moto uliotumika kuuchoma, bado ni saba. Anayesukuma magogo mabichi tanurini anateketeza zaidi ya robo tatu ya kuni zake bure.

Nguvu za kuni nyingine, kwa idadi ya vitu vinavyoyeyushwa:

- Makaa ya mawe au mkaa: 8.
- Fimbo ya Blaze: 12.
- Bloku la mwani uliokaushwa: 20.
- Bloku la makaa ya mawe: 80.
- Ndoo ya lava: 100.

Bloku la makaa ya mawe huundwa kwa makaa tisa, ambayo kwa mojamoja yangeyeyusha vitu 72 tu. Kuyafunga pamoja ni faida ya wazi, mradi kazi yenyewe ni kubwa. Kuni ikishawaka haizimwi: tanuri likiishiwa kitu cha kuyeyusha, moto uliobaki hupotea. Lava ndiyo inayoponza wengi, kwani nafasi moja ya tanuri hubeba vitu 64 na ndoo huyeyusha 100. Asiyekuwepo kuongeza vingine hupoteza zaidi ya theluthi ya ndoo. Kwa mzigo mdogo makaa ya mawe yanatosha.

Tanuri la madini, linalotengenezwa kwa vipande 5 vya chuma, tanuri 1 la kawaida na mawe laini 3, huyeyusha kwa kasi mara mbili. Kuni nazo huisha haraka kwa kiwango hicho hicho. Linaokoa muda, haliokoi kuni.

Chuma: uti wa mgongo wa kila kitu

Hakuna malighafi inayodaiwa na kazi nyingi kama chuma, na mchezaji asiye nacho cha kutosha hukwama hata akiwa na almasi sandukuni. Vipande vya kwanza vitumike kwa mpangilio huu:

1. Ngao: kipande 1 cha chuma na mbao 6.
2. Sururu: vipande 3.
3. Ndoo: vipande 3.
4. Dirii ya kifua, 8, kisha suruali, 7.
5. Chapeo, 5, na buti, 4.

Ngao kuwekwa mbele ya sururu hushangaza wengi. Lakini kwa kipande kimoja tu ngao huzuia mishale na hupunguza makali ya mlipuko wa Creeper kuliko kifaa kingine chochote cha bei hiyo. Ndoo ya maji huzima moto, hugeuza lava iliyotuama kuwa obsidiani na humwokoa aangukaye kutoka juu. Kwa anayecheza kwenye mtandao wa simu unaokwamakwama, ndoo ndiyo tofauti kati ya kurudi na mzigo na kurudi mtupu: picha ikisimama sekunde mbili kando ya lava, hatua moja iliyochelewa inatosha.

Je, si afadhali kungoja deraya za almasi moja kwa moja? Hapana. Deraya kamili ya chuma ina pointi 15 za kinga, ya almasi 20. Robo tatu ya kinga inapatikana kwa vipande 24 vya chuma ambavyo huchimbwa kwa jioni moja, ilhali almasi 24 huweza kuchukua siku kadhaa, na siku hizo zote mchimbaji angekuwa uchi.

Chini ya kimo cha 0 hutokea mara chache mshipa mkubwa wa chuma uliochanganyika na mwamba wa kijivu laini. Anayeukuta aache kazi nyingine zote aufuate mpaka mwisho, kwa maana mshipa mmoja huweza kutosheleza kundi zima la marafiki.

Dhahabu

Dhahabu huvutia kwa jina. Kama kifaa cha kazi ni dhaifu kuliko zote: sururu yake huchimba kwa kasi kuliko hata ya netheraiti, lakini hufa baada ya mapigo 32 na haiwezi kuchimba hata chuma.

Kazi zake za kweli, mbali na netheraiti inayoelezwa chini, ni tatu: reli za umeme, tufaha la dhahabu linalodai vipande 8, na kutuliza Piglin, viumbe wa Nether. Anayeingia Nether avae angalau kitu kimoja cha dhahabu. Buti za vipande 4 ndizo rahisi zaidi. Hata hivyo akichimba dhahabu au kufungua sanduku mbele yao, watamshambulia pamoja na buti zake.

Almasi: lini na kwa nini

Kimo cha -59 ndicho chenye almasi nyingi, ila mapango yaliyo chini ya -54 hujaa lava. Njia salama ni handaki, lenye matawi yanayoachiana bloku mbili za mwamba katikati ili kuta zote zionekane. Almasi nyingi hufichwa ndani ya mwamba mbali na hewa, ndiyo maana handaki huleta zaidi ya kuzunguka mapangoni.

Almasi tano za kwanza zina kazi yake. Tatu ni za sururu, nayo huchimba obsidiani nne. Mbili zilizobaki, pamoja na obsidiani hizo na kitabu kimoja, hutengeneza meza ya uchawi. Upanga wa almasi unaotengenezwa mapema, kabla ya meza hiyo, ndilo kosa la gharama kubwa zaidi katika hatua hii.

Sababu ni uchawi uitwao Fortune. Ukifika ngazi ya tatu, jiwe moja la almasi hutoa kwa wastani almasi 2.2 badala ya moja, na huweza kutoa hadi nne. Kwa hiyo mchimbaji akishapata almasi tano:

- aache mawe mengine ya almasi anayoyaona yalipo, na aandike namba za mahali;
- akiogopa kuibiwa na wengine, ayachimbe kwa sururu yenye Silk Touch, ambayo hulitoa jiwe zima libebwe nyumbani likavunjwe baadaye kwa Fortune;
- akusanye makabati 15 ya vitabu kuzunguka meza ili ifike nguvu yake kamili.

Makabati hayo hula vitabu 45, yaani ngozi 45 na karatasi 135. Ng'ombe na miwa vianze kufugwa na kupandwa siku ya kwanza kabisa, muda mrefu kabla ya kuvihitaji. Hakuna anayekumbuka kufanya hivyo, wote hujuta.

Fortune hufanya kazi pia kwa makaa ya mawe, lazuli, redstone, zumaridi, na chuma, shaba na dhahabu ghafi. Uchawi wa Unbreaking ngazi ya tatu hurefusha maisha ya sururu karibu mara nne, na Mending huitengeneza upya kila mwenyewe anapopata uzoefu. Sururu moja yenye vyote vitatu ni bora kuliko sanduku la almasi zilizolala.

Netheraiti na hesabu yake

Kabla ya kushuka Nether kutafuta mabaki ya kale, hesabu ifanywe, kwa sababu wengi huanza safari hii bila kujua urefu wake. Kipande kimoja cha netheraiti hutokana na mabaki 4 na dhahabu 4. Kuboresha deraya nne, upanga, sururu, shoka na sepetu ni vipande 8, yaani mabaki 32 na dhahabu 32. Tangu toleo la 1.20 la mwaka 2023 kila kifaa hudai pia kiolezo, kinachopatikana katika magofu ya Piglin. Kiolezo kimoja hunakiliwa kwa almasi 7, hivyo nakala saba hugharimu almasi 49, juu ya zile 33 za vifaa vyenyewe.

Je, inafaa? Kwa sururu na dirii, ndiyo. Vitu vya netheraiti haviungui kwenye lava, na aliyekufa humo huweza kuviokota vikielea. Kwa sepetu, hapana, mpaka almasi ziwe za kumwaga.

Mabaki hupatikana zaidi kwenye kimo cha 15, ndani ya mwamba, na Fortune haiyaongezi. Wengi huyafichua kwa kulipua vitanda, kwa kuwa kitanda kikitumiwa Nether hulipuka na mabaki hayadhuriki. Bloku moja ibaki kati ya mlipuaji na kitanda. Maji hukauka papo hapo Nether, kwa hiyo ndoo haisaidii. Dawa ya kuzuia moto ndiyo inayobebwa.

Kinachonunulika kisichimbwe

Wanakijiji huuza vingi ambavyo wachezaji huvihangaikia wiki nzima. Mtengeneza mishale hununua vijiti 32 kwa zumaridi moja, na vijiti hivyo hutoka kwenye magogo manne. Kwa zumaridi hizo mkutubi huuza vitabu vya uchawi, Mending ikiwemo, na mhunzi wa deraya akifika ngazi za juu huuza deraya za almasi zilizokwisha kutiwa uchawi. Aliye na shamba la miti na kijiji kilichozungushiwa ukuta huweza kuvaa almasi asiyoichimba.

Kwenye seva zenye maduka ya wachezaji, bei ipimwe kwa muda. Ikiwa chuma cha saa moja hununua almasi nyingi kuliko zinazochimbwa kwa saa moja, kuchimba almasi ni hasara. Baadhi ya seva hubadilisha kanuni za mchezo, hata uwingi wa madini. Ukurasa wa kanuni usomwe kabla ya sururu kuinuliwa.

Kuhifadhi

- Almasi na netheraiti zikae kwenye sanduku la Ender, linaloundwa kwa obsidiani 8 na jicho 1 la Ender. Kila mchezaji huona vyake tu ndani yake.
- Sanduku la kawaida lisiwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuchimba chini yake; kipitishio kimoja kilichofichwa hunyonya kila kitu.
- Aliyekufa ana dakika 5 kabla ya vitu vyake kutoweka. Muda huo husimama kama hakuna mtu karibu na eneo lile, na huendelea mara yeyote apitapo. Kwa hiyo asimwombe jirani aende kutazama tu, amwombe akaviokote.
- Anayeanza safari ya kuchimba aache nyumbani kila asichohitaji mgodini.

Eneo la lango

Msitu na mawe ya karibu na lango la seva ni mtaji wa kila anayefika baada ya wengine. Anayekata mti pale apande mche, na mwenye chuma cha ziada aache ngao mbili tatu kwenye sanduku la wazi, kwa sababu mchezaji wa kesho ataanzia pale pale akiwa mikono mitupu.